Shaba ya Zambia na Ndizi za Kilombero

Treni ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ikitoka Dar es Salaam huanza na joto la pwani. Huvuka nyika ya Selous, ambayo sehemu yake kubwa tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na abiria huwatazama twiga na tembo dirishani. Kisha huingia bonde la Kilombero, miwa na mpunga upande mmoja, ukuta wa kijani wa milima ya Udzungwa upande wa pili. Kidatu, Mang'ula, Ifakara, Mbingu, Mngeta, Chita: stesheni zinafuatana huku milima ikibaki mkono wa kulia. Hadi hapo reli inapita chini ya mlima. Ikifika Mlimba, kilomita 502 kutoka pwani, haina tena pa kukwepea, inaanza kupanda.

Kutoka Mlimba, takribani mita 300 juu ya usawa wa bahari, hadi Makambako, zaidi ya mita 1,600, ni kilomita 157 hivi za mahandaki, madaraja, makalvati na kona. Historia ya reli hii husimuliwa kwa majina ya marais, kwa mikopo na kwa tani za shaba. Yote hayo ni ya kweli na ni makubwa. Lakini wiki baada ya wiki, kwa karibu nusu karne, walioitegemea zaidi ni wakulima, wachuuzi, wagonjwa na wanafunzi wa vijiji vya bondeni na mlimani. Bila wao historia ya TAZARA ni nusu tu.

Nchi isiyo na bahari

Zambia ilipata uhuru Oktoba 1964, ikiwa na shaba nyingi na bila bandari. Reli iliyopeleka shaba hiyo baharini ilipita kusini, katika nchi zilizotawaliwa na walowezi na wakoloni. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya Ian Smith ikajitangazia uhuru wa walowezi wachache huko Rhodesia, na Rais Kenneth Kaunda wa Zambia akajikuta uchumi wa nchi yake uko mikononi mwa watu aliokuwa akiwapinga. Njia ya kaskazini mashariki, kupitia Tanzania hadi bandari ya Dar es Salaam, haikuwa ndoto tena. Ilikuwa lazima.

Rais Julius Nyerere wa Tanzania na Kaunda walibisha hodi nchi za Magharibi kwanza. Benki ya Dunia, katika ripoti yake ya mwaka 1964, ilisema reli hiyo haina faida kiuchumi. Uingereza na Marekani nazo hazikuwa tayari kuijenga. China, iliyokuwa bado nchi maskini, ilikubali. Mkataba ulitiwa saini Beijing tarehe 5 Septemba 1967, na baadaye ukatolewa mkopo wa yuani milioni 988, usio na riba, wa kulipwa kwa miaka 30. Sehemu ya gharama za hapa nyumbani ililipwa kwa fedha zilizopatikana kwa kuuza bidhaa za Kichina katika maduka ya Tanzania na Zambia, kwa hiyo hata mtu wa mbali aliyenunua bidhaa hizo alikuwa amechangia reli bila kujua.

Wapimaji wa Kichina walitangulia. Walitembea kwa miguu katika misitu na vinamasi, wakipima miinuko na kuchunguza udongo. Tarehe 26 Oktoba 1970 jiwe la msingi likawekwa Dar es Salaam, na siku mbili baadaye kazi ikazinduliwa upande wa Zambia. Kwenye tambarare mambo yalikwenda kwa kasi ya kushangaza. Karakana kubwa ya Mang'ula ilihudumia ujenzi kwa mitambo na vifaa, na Novemba 1971, mwaka mmoja tu na wiki chache tangu kuanza, reli ilikuwa imefika Mlimba. Hapo mlima ukadai haki yake.

Kuupasua mlima

Wahandisi walijua tangu mwanzo kwamba kipande cha Mlimba hadi Makambako ndicho kitakachoamua kama reli itakamilika. Reli nzima, yenye urefu wa kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, ina mahandaki 22, na mengi yako hapa. Ina madaraja 320, na yale marefu ya kutisha yako hapa pia. Daraja la mto Mpanga limesimama juu ya nguzo tatu zenye kimo cha takribani mita 50. Mtu akiwa dirishani huona vilele vya miti viko chini yake. Katika milima hiyo mvua hunyesha kwa wingi, udongo hulainika, na mteremko uliokatwa jana unaweza kuporomoka leo. Handaki lilichimbwa kwa baruti, kisha kifusi kikatolewa kwa mikono na mikokoteni, kisha kuta zikajengwa kwa zege kabla mlima haujajifunga tena.

Vijana walitoka kila pembe ya nchi. Wengine waliletwa kupitia Jeshi la Kujenga Taifa, wengine walijiandikisha wenyewe kwa sababu ya mshahara au kwa sababu ya maneno ya uhuru waliyosikia redioni. Waliishi kambini, katika mahema na mabanda, wakila ugali na maharage. Kazi iliendelea usiku na mchana kwa zamu, taa zikiwashwa msituni. Simba na nyoka waliogopwa, handaki nalo liliogopwa, kwa maana aliyeingia humo alijua kilicho juu ya kichwa chake. Kwa ujumla Watanzania na Wazambia wapatao 60,000 walifanya kazi kwenye reli hii, pamoja na makumi ya maelfu ya Wachina.

Jambo ambalo wazee waliofanya kazi ile wanalikumbuka kuliko yote ni namna wasimamizi wa Kichina walivyofanya kazi. Katika mashamba ya mkonge na barabara za wakoloni, bwana alisimama kivulini na manamba akachimba. Hapa fundi alivua shati, akashika sululu, akaonyesha, kisha akampa kijana ajaribu. Lugha ilikuwa shida, hivyo mafunzo yalikwenda kwa ishara na kwa maneno machache ya Kiswahili na Kichina yaliyookotwa kazini. Kwa njia hiyo vijana wa kijijini walitoka wakiwa madereva, waashi, wachomeleaji na mafundi mitambo. Wengine wapatao 200, kutoka Tanzania na Zambia, walipelekwa Beijing mwaka 1972 kusomea uhandisi na uendeshaji wa reli. Mgeni njoo, mwenyeji apone: ujuzi huo ulibaki nchini baada ya kambi kuvunjwa.

Gharama ya damu ilikuwepo. Zaidi ya Wachina 60 walikufa katika kazi hiyo, na wengi wamezikwa katika makaburi yao Gongo la Mboto, nje kidogo ya jiji la Dar es Salaam, ambako hadi leo wageni rasmi kutoka China hupeleka mashada. Watanzania na Wazambia nao walikufa. Si rahisi kupata mahali pamoja ambapo mtoto wa shule anaweza kwenda kuyasoma majina yao, na hilo ni deni.

Tarehe 27 Agosti 1973 reli ilifika mpakani Tunduma, ikiwa tayari imeshapita juu ya mlima na kufikia kilele chake Uyole karibu na Mbeya, mita 1,789. Wakati huo haja yake ilikuwa imeongezeka: Januari mwaka huohuo Rhodesia ilikuwa imefunga mpaka wake na Zambia. Juni 1975 reli ikaungana na mtandao wa Zambia, na tarehe 14 Julai 1976 ikakabidhiwa rasmi kwa serikali mbili.

Vijiji vinavyofuata reli

Kabla ya reli, bonde la Kilombero lilikuwa na neema na lilikuwa mbali. Mpunga ulistawi, samaki walijaa mtoni, lakini masika mto ulipofurika, njia zilipotea na mtumbwi ukawa usafiri wa pekee sehemu nyingi. Wandamba, Wabena, Wambunga, Wapogoro na Wahehe wa milimani walijua kubadilishana mazao, ila mzigo ulisafiri juu ya kichwa au majini, na haukuwa mkubwa.

Treni ilikuja wakati mmoja na jambo jingine. Katika miaka ya 1973 hadi 1976 serikali iliwahamishia watu wa vijijini katika vijiji vya ujamaa, na huku bondeni vijiji vingi vilipangwa kandokando ya reli. Sababu zilikuwa mbili: kuwaweka watu karibu na shule, zahanati na usafiri, na kuilinda reli yenyewe dhidi ya hujuma, kwa maana vita vya ukombozi vilikuwa vinaendelea kusini. Familia zilizoishi zimetawanyika kando ya mito na chini ya milima zikajikuta zina jirani ukutani na treni mlangoni.

Wengi waliumia. Mashamba mazuri ya mpunga yalibaki mbali, na mpunga ukiachwa bila mlinzi huliwa na ndege na nguruwe. Kwa hiyo mwaka ukagawanyika: msimu wa kilimo familia zilihamia shambani na kuishi kwenye dungu, mavuno yakiisha zikarudi kijijini relini. Watoto walikosa shule kwa miezi au waliachwa na bibi. Utaratibu huo umeendelea kwa vizazi, na ndio uliofanya stesheni iwe kitovu cha kila kitu, kwa sababu ndipo mazao yalipoletwa na ndipo watu walipokutana tena.

Treni ya wanyonge

Reli ilipoanza kazi ilikumbana na matatizo mengi. Vichwa vya treni vya kwanza, vya dizeli kutoka China, havikuwa na nguvu ya kutosha kuvuta mizigo mizito kwenye mpando wa Udzungwa, ikabidi baadaye ziletwe injini za Kijerumani na vichwa vyenye nguvu zaidi vya Kimarekani. Mvua zilileta maporomoko. Oktoba 1979 makomando wa Rhodesia walilipua daraja la mto Chambeshi huko Zambia. Hata hivyo, katika miaka yake bora reli ilibeba zaidi ya tani milioni moja kwa mwaka.

Kisha siasa iliyoizaa ikabadilika. Zimbabwe, Rhodesia ya zamani, ilipata uhuru mwaka 1980, Afrika Kusini ikawa huru mwaka 1994, na njia za kusini zikafunguka. Malori yakaongezeka katika barabara kuu ya Zambia. Shaba ikapungua relini mwaka hadi mwaka, mpaka watu wa mijini wakaanza kuizungumzia TAZARA kama kitu kilichopita.

Bondeni na mlimani hali ilikuwa kinyume. Mageuzi ya uchumi ya miaka ya 1980 na 1990 yalilegeza biashara, vyama vya ushirika vikadhoofika, na kila mkulima ikabidi atafute soko lake mwenyewe. Treni ya kawaida, ile inayosimama kila stesheni, na treni fupi ya hapa katikati ambayo watu waliipa jina la kipisi, zikawa soko linalotembea. Jiografia ndiyo iliyofanya biashara hiyo iwezekane. Ndani ya safari ya siku moja treni hutoka nchi ya joto yenye mpunga, ndizi na samaki, hufika nchi ya baridi yenye viazi mviringo, maharage, kabichi na vitunguu. Kilicho tele bondeni ni adimu mlimani, na kilicho tele mlimani ni adimu bondeni. Makambako, ambako reli hukutana na barabara kuu na njia ya Njombe na Songea, uligeuka kuwa mji wa kupokea, kupima na kusambaza.

Mtu aliyetaka kuona uchumi huo alihitaji kusimama stesheni moja ndogo kwa nusu saa tu. Saa nyingi kabla ya treni, watu wameshakaa kwenye mikeka kando ya reli. Mikungu ya ndizi imefungwa majani makavu na kamba, gunia la mchele limeshonwa mdomo, na kila mzigo una kikaratasi chenye jina la mpokeaji na stesheni yake. Mizigo mikubwa hupimwa na kuandikiwa risiti: mtumaji, mpokeaji, aina ya mzigo, uzito, nauli. Treni ikisimama, dakika ni chache. Kila dirisha lina kikapu chini yake. Samaki wa kukaanga, mayai ya kuchemsha, miwa na mikate ya kumimina hupanda. Noti na sarafu hushuka. Vijana hurusha magunia ndani ya behewa la vifurushi, mama anakimbia na beseni kichwani akimwita mteja wake wa behewa la tatu, mkuu wa stesheni anainua bendera ya kijani, na treni inaondoka huku bado mkono mmoja unadai chenji.

Haba na haba hujaza kibaba. Mwanamke aliyeanza na mikungu miwili ya kukopa angeweza, kwa safari chache, kununua viazi Makambako na kurudi navyo bondeni, akapata faida pande zote mbili za safari. Hakuhitaji lori, hakuhitaji dalali, na hakuhitaji kumwomba mume mtaji. Faida ya kipisi iliezeka nyumba kwa mabati, ililipa ada na ilinunua baiskeli. Stakabadhi za vifurushi vya reli zingekusanywa zote, zingekuwa kitabu kizuri cha historia ya uchumi wa Watanzania wa kawaida.

Treni ilibeba zaidi ya mazao. Mgonjwa wa kijiji cha mlimani alipelekwa hospitali ya Mtakatifu Fransisko Ifakara kwa treni, akiwa amelazwa kwenye kiti huku abiria wakimpisha. Barua na fedha zilikabidhiwa mtu anayeaminika ndani ya behewa. Mwanafunzi wa bweni alisindikizwa na ukoo mzima hadi stesheni. Habari ya msiba ilishuka na treni ya asubuhi, na waombolezaji wakapanda ya jioni. Katika sehemu kama Uchindile, ambako masika barabara hugeuka tope, treni ikichelewa siku nzima ilikuwa bado ndiyo njia ya haraka kuliko zote.

Na ilichelewa sana. Si haki kuipamba. Abiria walilala stesheni usiku kucha, ndizi ziliiva njiani, samaki waliharibika. Nyuma ya kila treni iliyofika kulikuwa na wafanyakazi wa njia, magenge ya watu wenye nyundo na mitaimbo waliotembea kwa miguu kukagua mataruma ya zege, kukaza vifungo, kuzibua mitaro na kuondoa mawe yaliyoanguka. Mlimani kazi hiyo haina likizo masika. Mtaro ulioziba leo ni tuta litakalobebwa na maji kesho, na tuta likiondoka, kilomita 1,860 zote zinasimama.

Mlima na bonde navyo vimebadilika kwa sababu ya reli. Wageni walikuja kutafuta ardhi ya mpunga, wafugaji wakafika na mifugo, wachana mbao na wachoma mkaa wakapata usafiri. Mwaka 1992 ilianzishwa Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, makao yake yakiwa Mang'ula, kulinda misitu yenye mbega wekundu na ndege wasiopatikana penginepo. Vijiji vilivyosogezwa relini miaka ya ujamaa vikajikuta vimebanwa, hifadhi nyuma yao, mashamba ya miwa na maeneo ya mafuriko mbele yao. Ardhi iliyoonekana haina mwisho mwaka 1970 sasa hugombewa.

Hesabu isiyoandikwa

Katika miaka ya ugumu wa fedha, mamlaka ya reli ilipotaka kupunguza treni za kawaida na kufunga stesheni ndogo, wanavijiji walipinga. Hoja yao ilikuwa rahisi: reli iliwafanya wahamie hapa, waliilinda, waliizoea, sasa wanaambiwa kuwasimamishia treni hakuna faida. Hoja hiyo haijajibiwa ipasavyo hadi leo. Tani za shaba huhesabiwa bandarini na kutangazwa. Mkungu wa ndizi uliomsomesha mtoto wa Mngeta hauonekani katika ripoti ya mwaka.

Sasa reli inafufuliwa. Mwaka 2024 Tanzania, Zambia na China zilitia saini hati ya makubaliano, na mwaka 2025 ukafuata mkataba wa miaka 30 na kampuni ya Kichina, wenye uwekezaji wa takribani dola bilioni 1.4 za Marekani. Shaba inatakiwa tena duniani, safari hii kwa ajili ya magari ya umeme na nyaya za nishati mpya, na bandari ya Dar es Salaam inaihitaji. Ni habari njema. Treni nyingi za mizigo zitaleta fedha za kukarabati mahandaki na madaraja ambayo bila hivyo yangeoza.

Ila reli ikitengenezwa kwa ajili ya shaba peke yake, makosa ya zamani yatarudiwa. Treni za mizigo zikijaza njia moja iliyopo, ya abiria itawekwa pembeni ingoje, na stesheni ndogo itakuwa ya kwanza kufungwa. Kwa hiyo yanayopaswa kudaiwa yaandikwe tangu sasa: treni ya kawaida yenye ratiba inayoaminika kati ya Kidatu na Makambako, behewa la vifurushi lenye nauli ambayo mchuuzi anaimudu, na stesheni za mlimani ziendelee kuwa na mtu na taa. Serikali mbili zilikubali mwaka 1967 kujenga reli ambayo wataalamu wa fedha walisema haina faida, kwa sababu utu na uhuru wa watu vilikuwa na thamani ambayo hesabu za benki hazikuiona. Kipimo hichohicho ndicho kinachofaa kutumika kwa mkulima wa Mlimba na Uchindile, ambaye babu yake alichimba handaki lile na ambaye hana njia nyingine ya kufika sokoni.